Neno la Mhariri: Mtoto Apimwe Mwenyewe

Katika makala zilizotufikia kwa toleo hili la mwendo wa watoto, nimekuta mara kwa mara sentensi moja fupi, iliyojibanza katikati ya maelezo ya njia za utafiti, isemayo kwamba uzito wa paja, muundi na wayo wa kila mtoto ulikadiriwa kwa majedwali ya Dempster. Na kila nilipoikuta niliweka kalamu chini kwa masikitiko, maana asili ya majedwali hayo twaijua sote. Yalitokana na maiti 8 wa wanaume, mdogo wao akiwa na miaka 52 na mkubwa wao 83, waliopimwa kipande kwa kipande kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1955. Kichwa na shingo vilipewa humo kama asilimia 8 ya uzito wa mwili. Yupi katika wasomaji wetu aliyepata kumbeba mtoto wa miaka minne asiweze kutambua kwamba hesabu hiyo si yake? Jensen, huko Kanada, aliyewapiga watoto picha za mbele na za ubavuni na kuugawa mwili katika vipande vya duaradufu vyenye unene wa sentimita 2, alidhihirisha tangu mwaka 1986 kwamba fungu la kichwa hupungua na la mapaja huongezeka kadiri mtoto akuavyo.

Naijua hoja itakayotangulizwa dhidi yangu, kwani imo humu humu katika makala ya tatu, tena imeandikwa kwa ufundi: ya kwamba mguu uliokanyaga hupokea kutoka ardhini nguvu kubwa mno, hata kosa katika uzito wa muundi halibadilishi sana hesabu ya goti. Naikubali, mpaka pale mguu unapoinuka. Ukiwa hewani, ardhi haina neno tena, na yote yanayohesabiwa gotini na nyongani hutegemea uzito wa sehemu, mahali pa kitovu chake, na momenti ya inesha. Na hayo ndiyo yatupasayo kuyajua kwa mtoto apigaye mpira, seuze mtoto mchanga arushaye miguu akiwa amelala chali. Tuchukue muundi wa sentimita 30 uliokua ukafika 33 bila kubadili umbo: uzito wake umezidi kwa theluthi, ilhali momenti ya inesha, ifuatayo urefu kwa kipeo cha tano, imezidi kwa asilimia 61.

Nami nilipata kushuhudia msichana wa miaka sita akitumbukizwa mguu katika bomba pana lililojaa maji pomoni, mamaye akimshika mabega, na mpimaji akisubiri kila mstari wa kalamu uliochorwa juu ya muundi ufikiwe na maji ndipo apime yaliyomwagika katika jagi. Mtoto alicheka kwa baridi, maji yakapiga mawimbi, kazi ikarudiwa mara tatu. Walakini jioni ile tulikuwa na ujazo wa mguu wake yeye, pande kwa pande, tusikose ila densiti, ambayo bado hukisiwa. Gharama yake ilikuwa bomba, jagi na subira.

Shirika la Afya Duniani, kabla ya kutoa viwango vya ukuaji mwaka 2006, lilipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Na kufanana kwao katika kimo kulijulikana baada ya kupimwa, si kabla. Kwa mapaja na miundi ya watoto wa Tanga au Lamu twapata wapi ruhusa ya kutangulia kipimo?

Makala ya kwanza, juu ya picha za simu, ni ya kusomwa polepole. Ya pili, juu ya miguu ya bandia, itawafaa mafundi.

Kuanzia toleo lijalo, kila mwandishi atakayetumia jedwali ataje limetoka kwa watu gani na wa umri gani, kisha arudie hesabu zake kwa jedwali la pili lililotokana na watoto, na kutuletea majibu yote mawili pamoja.