Sambaza ni ya watoto, haiko ya kulisha tilapia

Wandugu wa Ibanda, tangu sambaza itolewe Tanganyika mwaka 1959 na kuwekwa ndani ya Kivu, ndiyo samaki ya mwenye hana pesa. Kule ziwa Victoria, dagaa nyingi inasagwa kuwa chakula ya kuku na ya samaki ya kufuga. Huku tunakataa! Tilapia haiko simba. Mafuta yenye anahitaji zaidi iko ndani ya soya, na soya inalimwa hapa tu, Kabare na Walungu. Masalio ya kukamua inamupa protini. Serikali ya jimbo, mbele ya kusaini kibali ingine ya vizimba, mutupatie mashini ya kukamua. Diplome tuko nazo, kazi ndiyo hakuna.