Mahindi ya jirani na vyeti visivyoaminiwa

WAKAZI wa Mitaboni, eneo la Kathiani, Machakos, wana sababu ya kuuliza mahindi wanayonunua yamepimwa na nani. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, Machakos ikiwemo. Mahindi hayo, na hili husahaulika, kwa sehemu kubwa yalikuzwa na kuhifadhiwa humu humu nchini.

Hata hivyo, Machi 5, 2021, Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu iyo hiyo. Siku chache baadaye ililegeza kamba kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Kiwango hicho ndicho cha Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima. Kilichokosekana ni imani katika maabara ya jirani.

Wasomi wamejipangia mambo yao. Wahasibu na wasanifu majengo walitia saini mikataba ya kutambuana mwaka 2011, wahandisi 2012. Mchuuzi wa nafaka hana bodi ya kumsemea. Julai 2025 Tanzania iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ukiwemo ununuzi wa mazao shambani, ingawa Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010. Mkenya aliyezoea kufuata mahindi kwa mkulima sasa hana budi kupitia kwa mwenyeji, na malipo ya mwenyeji huyo huongezwa kwenye bei ya gorogoro sokoni.