Baada ya Mbio, Miaka Mingine Thelathini

Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, hukumbukwa kwa nishani ya fedha ya mita 5,000 aliyoitwaa katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Kinachosahaulika ni kwamba wakati huo alikuwa mwanafunzi. Akiwa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, alishinda mita 10,000 katika mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Baadaye alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988, kisha akawa kocha na Katibu Mkuu wa chama cha riadha cha taifa.

Mwili wa mwanariadha hustaafu mapema. Baada ya umri wa miaka 30, uwezo wa juu wa kutumia oksijeni hupungua, hata kwa anayefanya mazoezi. Na gegedu la goti likishachakaa, halirudii upya wake. Anayestaafu na miaka 35 huenda akaishi miaka mingine 30 au zaidi.

Kwa hiyo, wazazi na walimu wa Kisaka, mtoto mwenye mbio asiachishwe shule. Kocha anayemhitaji na aulizwe: atasoma wapi? Nani atampima moyo na viungo? Akiumia, nani atagharimia matibabu? Majibu yakikosekana, mtoto abaki darasani, akimbie kwenye uwanja wa shule yake.