TUWAHESABU WANAOTOKA, SI WANAOINGIA TU

Kila mwezi wa Januari mabwana wa elimu hutupa habari njema. Watoto wamechaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza, vyumba vimejengwa, madawati yamefika. Twashangilia, na ni haki yetu kushangilia. Lakini sisi tunaotembelea matawi toka Magu mpaka Sengerema, na toka Kwimba mpaka visiwa vya Ukerewe, tunalo swali moja ambalo halisomwi katika hotuba: wale walioingia miaka 4 iliyopita wako wapi?

Ndugu wanachama, swali hili si la uchokozi. Katika kijiji kimoja cha pwani ya ziwa tuliuliza ni wangapi walioanza Kidato cha Kwanza. Tukajibiwa papo hapo, kwa kichwa, bila daftari. Tukauliza ni wangapi katika hao waliokaa kwenye mtihani wa Kidato cha Nne. Hapo watu wakatazamana. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali gani tuliyo nayo kupita watoto?

Wazee wa Usukuma hawahitaji kufundishwa jambo hili. Katika miaka ya 1950 mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, mnunuzi akaipima kwa mizani yake mwenyewe, akatamka uzito autakao, na mkulima akapokea fedha aliyopewa. Wazee hawakukaa wakilia. Walisema: tutaweka wapimaji wetu. Kutoka katika shauri hilo la mizani, chini ya Paul Bomani na wenzake, vikaota vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la V.F.C.U., ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Haya yote yalianza kwa mkulima kukataa kuhesabiwa mali yake na mtu mwingine. Leo tunampeleka mtoto shuleni, na hesabu yake tumewaachia wengine. Je, mtoto amekuwa mwepesi kuliko gunia la pamba?

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Tangu mwaka 2006 wananchi wamejenga sekondari za kata kwa mikono yao: wamebeba mawe, wamesomba mchanga, wamechanga fedha. Mwaka 2016 ada ya shule za serikali, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za kutwa, ilifutwa kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Hayo ni mambo makubwa na asiyeyaona ni kipofu. Lakini taifa hili limekwisha kuona pia mlango ukifunguliwa huku ndani hakuna kitu. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata sifuri. Tume ikaundwa, na mwezi wa Mei 2013 matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Alama zilipangwa upya, lakini yale ambayo mtoto hakufundishwa hayakuweza kupangwa upya.

Sasa wapo watu, tena wengine wamesoma sana, wanaosema: Ati watoto wa wavuvi hawana akili ya vitabu. Ati Msukuma anapenda ng'ombe kuliko shule. Maneno haya si mageni. Mkoloni aliyasema alipotaka Mwafrika aishie darasa la nne, na wazee wetu walimkatalia. Ni aibu kumwona mwananchi huru ameyaokota na kuyavaa kama koti la mtumba.

Tumtazame huyo mtoto asiyekuwa na akili. Anaamka kabla ya jogoo, anatembea kilometa nyingi, na pengine anavuka maji kwa mtumbwi. Saa sita mchana hali kitu. Saa nane bado yumo darasani, macho ubaoni, fikra tumboni. Akitoka ni njia ile ile, na akifika nyumbani yuko mama anayemngoja kuchota maji. Zikija siku za giza, taa zinawaka ziwani, na mvulana anajua kwamba mwaloni atalipwa usiku huo huo kwa kuvuta nyavu za dagaa, lakini darasani atalipwa baada ya miaka 4, na pengine asilipwe kabisa. Je, hiyo ni kukosa akili? Huyo amepiga hesabu kuliko sisi.

Msichana mzigo wake ni mzito zaidi. Shule ikiwa mbali, mzazi humpangishia chumba karibu na shule, kile wanachokiita geto. Mtoto wa miaka 14 anajipikia, anajilinda na kufunga mlango usio na komeo. Akikosa unga, yupo mtu wa kumpa unga, na kila mtu kijijini anajua bei ya unga huo. Mtoto akishika mimba tunamshangaa yeye! Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Vema sana. Lakini ruhusa iliyo katika karatasi haimbebi mtoto mgongoni mama akiwa darasani. Katika kata yenu wamerudi wangapi? Katibu wa tawi asiyejua na aende akaulize.

Tena iko habari ya lugha. Shule ya msingi yote mtoto amefundishwa kwa Kiswahili. Akivuka mlango wa sekondari, hesabu ni kwa Kiingereza, na maradhi ya kichocho yanayomsumbua ziwani ayajue kwa Kiingereza. Anakariri asichokielewa, naye mtahini anamwandikia sifuri. Sifuri hiyo si ya mtoto peke yake.

Basi tufanye nini? Kwanza, yale yaliyo mikononi mwetu. Pwani hii inatoa dagaa wanaopakiwa katika malori kwenda mikoa mingine na nchi za jirani. Haiwezekani kijiji kilishe miji ya mbali, na mtoto wake ashinde na njaa juu ya kilima kinachotazama mwalo. Kila mzazi na atoe debe lake la mahindi wakati wa mavuno, wenye mitumbwi watoe dagaa, kamati ya wazazi itunze ghala na kusoma hesabu hadharani. Na mtoto wa asiyekuwa nacho ale pamoja na wenzake, asirudishwe nyumbani. Bweni la wasichana lianze kwa matofali yetu kama madarasa yalivyoanza.

Pili, yale yaliyo ya serikali, nayo tuyadai bila kuinama. Kijiji hakiwezi kufyatua mwalimu wa hesabu kama tofali. Walimu na waletwe, wakifika wapewe nyumba ili wasikimbilie mjini. Bweni tukilifikisha kwenye linta, serikali iezeke. Na mtoto apewe muda wa kutosha wa kujifunza lugha ya masomo yake kabla ya kupimwa kwayo. Asituambie mtu kwamba uwezo hakuna. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilometa 3 juu ya maji. Nchi iliyoweza kuyavusha malori kwenye ghuba ile haishindwi kumvusha mtoto toka Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne.

Jambo hili halingoji. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025 inasema elimu ya lazima itakuwa miaka 10: 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Twaiunga mkono. Lakini neno lazima likimfunga mzazi, na limfunge na mwenye shule. Si haki kumshtaki baba kwa kumtoa mtoto darasani, hali darasa lenyewe halina mwalimu.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, kazi ya kila tawi ni hii. Katika mkutano mkuu wa kijiji unaokuja, simameni muulize mambo manne: walioingia ni wangapi, waliofanya mtihani wa mwisho ni wangapi, waliofaulu ni wangapi, na wengine wako wapi, kwa majina. Jibu liandikwe katika muhtasari. Mwaka unaofuata liulizwe tena. Mwenyekiti akiona uzito kulijibu, mkumbusheni kwa adabu kwamba babu zake walimwuliza mnunuzi wa pamba swali gumu kuliko hili, naye alilijibu.