Mtihani wa Kemia Nao Upimwe

Imekuwa ada katika shule zetu za upili kwamba kila ufikapo mwisho wa muhula, karatasi husahihishwa, alama hujumlishwa, na majina hubandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mkia. Kisha karatasi hurudishiwa wenyewe, na shughuli huhesabiwa imekwisha. Mwanafunzi amepimwa. Mtihani uliompima haukupimwa na yeyote.

Tunalizungumza jambo hili tukiwafikiria hasa wanafunzi wa wadi ya Chewele, Kaunti ya Tana River. Mafuriko ya mwaka 2024 yalizihamisha jamaa nyingi za kando ya Mto Tana, na shule za nchi nzima, zilizokuwa zifunguliwe Aprili 29, hazikufunguliwa hadi Mei 13. Mtoto ambaye maji yamekwisha kumpokonya masomo hastahili kuambiwa tena, kwa sababu ya swali bovu, kwamba hana kichwa cha Kemia.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Kemia ana wanafunzi 40, naye anauliza: ni njia gani hutumika kutenganisha chumvi na maji ya bahari? Majibu ya kuchagua ni uchujaji, uvukishaji, ukenekaji na kromatografia. Jibu lake ni uvukishaji. Baada ya kusahihisha, anazipanga karatasi kwa jumla ya alama, anachukua 11 za juu na 11 za chini. (Mmarekani Truman Kelley alionyesha mwaka 1939 kwamba asilimia 27 kila upande yatosha kwa kazi hii, na asilimia 27 ya 40 ni kama 11.) Anahesabu. Kundi la juu, waliopata ni 3. Kundi la chini, waliopata ni 7. Anatoa 7 katika 3, anagawanya kwa 11, na kupata hasi 0.36.

Hesabu hiyo ni kengele ya hatari. Swali limewaadhibu waliosoma na kuwatuza wasiosoma. Kwa nini? Mwalimu akiangalia walichochagua wale wanane wa juu waliokosa, ataona wengi wameandika ukenekaji, yaani kuchemsha maji na kuupoza mvuke ukawa maji tena. Nao hawakukosea! Njia hiyo pia hutenganisha chumvi na maji, tena maji yenyewe hayapotei. Waliojibu uvukishaji huenda walikumbuka tu mashamba ya chumvi ya Gongoni. Kama mwalimu alitaka chumvi peke yake, angalisema hivyo.

Swali jema hutenda kinyume cha hilo. Wakipata 9 juu na 3 chini, tofauti ni 0.55, na wataalamu wa upimaji huliita zuri sana swali lifikalo 0.40. Lakini swali likikosewa na karibu kila mtu, juu na chini, tofauti yake huwa karibu na sufuri. Hapo mwalimu ajiulize kwanza kama mada hiyo ilifundishwa kweli, au ilikwenda na mafuriko. Na kwa kuwa Kemia yetu hutahiniwa kwa Kiingereza, ajiulize pia kama alipima asidi na besi au msamiati wa lugha ya kigeni.

Tunajua yatakayosemwa. Kwamba mtihani wa KCSE wa Kemia hauna maswali ya kuchagua. Ni kweli, lakini njia ni ile ile: chukua wastani wa alama za kundi la juu katika swali hilo, toa wastani wa kundi la chini, ugawanye kwa alama zote za swali. Kwamba darasa ni dogo. Ni kweli pia: katika makundi ya watu 11, mwanafunzi mmoja tu huisogeza tofauti kwa 0.09, kwa hiyo swali lisitupwe kwa hesabu peke yake kabla ya kusomwa upya.

Tusilolikubali ni desturi ya kununua mitihani iliyochapishwa na wafanyabiashara, ambayo shule hainayo habari yoyote kuhusu maswali yake yalivyofanya kazi kwingineko, kisha kuitumia kuwapanga watoto na kuwashauri waache sayansi. Walimu wa Kemia wa Chewele na Bura wanaweza kukutana mara moja kila muhula, kila mmoja akaja na maswali yake na hesabu zake, wakayaweka mazuri katika daftari moja na kuyarekebisha mabaya. Kazi hiyo haihitaji kompyuta. Yahitaji alasiri moja, kalamu, na mwalimu mkuu atakayekubali karatasi zikae siku moja zaidi kabla ya majina kubandikwa. Na wale waliojibu ukenekaji warudishiwe alama zao.