Kijana wa Madrasa na Somo la Michezo Chuoni



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wazazi, waheshimiwa walimu wetu na wanafunzi wenzetu, kila mwaka madrasa yetu huwaaga vijana wanaokwenda vyuoni. Tunawausia swala, mavazi ya heshima na marafiki wema. Mwaka huu tunaomba kuongeza jambo moja. Vyuo vingi vina somo la michezo, na sisi tunaona kijana wetu, wa kiume na wa kike, alisome badala ya kulikwepa.

Wapo wanaosema kwamba michezo ni upuuzi. Na tujiulize, Mtume wetu alifanya nini? Alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza akashindwa na baadaye akashinda. Alipigana mieleka na Rukana. Aliwahimiza Masahaba kulenga shabaha kwa mishale. Na katika mapokezi ya Imam An-Nasai, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo yasiyohesabiwa kuwa upuuzi. Basi hoja hiyo haina nguvu.

Tena somo la chuoni si sawa na timu. Katika timu huchaguliwa wenye vipaji, na wengine tukabaki kupiga makofi. Somo humpokea asiyejua kitu. Chukueni mfano wa chuo cha MIT kilichoko Cambridge, Marekani, ambacho dunia nzima inakijua kwa sayansi. Hata mhandisi wa pale hapati shahada yake mpaka asome masomo manne ya michezo na aogelee kiasi cha mita 90, au asome darasa la wanaoanza kuogelea. Wanaomaliza upinde, kutumia upanga, kulenga kwa bunduki na kuendesha mashua ya tanga hupewa cheti cha utani cha "haramia". Utani ni wao, lakini upinde na tanga si vigeni kwetu! Na michezo ya namna hii mtu huenda nayo hata akiwa na wajukuu, wakati mpira wa miguu wengi huuaga mapema.

Hoja ya pili ni nzito: mchanganyiko wa wake na waume, na mavazi yasiyositiri. Hapo tuko pamoja na wazazi. Lakini dawa yake si kumkataza binti, bali ni kudai utaratibu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Harvard, kutokana na ombi la wanafunzi wa Kiislamu wa kike, kilitenga saa kadhaa kwa wiki za wanawake peke yao katika ukumbi mmoja wa mazoezi. Walilalamika waliolalamika, lakini saa zilitengwa. Mabinti wale wangenyamaza, wangebaki vyumbani. Nguo za kuogelea zinazositiri mwili nazo siku hizi zinapatikana, na pale Nungwi, Unguja, mabinti wamefundishwa kuogelea wakiwa wamezivaa.

Kuhusu ngoma tuseme wazi. Vyuoni hufundishwa ngoma za mataifa mengi, na baadhi huchezwa mwanamume na mwanamke wameshikana. Hizo si zetu. Lakini tusifute yote kwa sababu ya hizo. Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume akamwacha Bibi Aisha atazame. Lamu wanaume hucheza kirumbizi kwa fimbo, na mama zetu hucheza wenyewe kwa wenyewe arusini. Basi anayetaka darasa hilo aulize kwanza: nitacheza na nani, nitavaa nini, na maneno yanayoimbwa ni yapi? Akitatizika, amuulize ustadhi wake.

Ndugu zetu, lililotusukuma kuandika ni bahari. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Hatusemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Bahari kuu ni nyingine, na ajali ile ilikuwa na wa kuulizwa. Lakini ni aibu kwetu watu wa pwani kuwa na mabinti, na hata vijana wa kiume, waliozaliwa wakisikia mawimbi nao hawawezi kuelea dakika tano. Chuo kinapokupa mwalimu na bwawa, unangoja nini?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wazazi, msiseme "hapana" kabla hamjauliza darasa linaendeshwaje. Wanafunzi, mkikuta hakuna saa ya wanawake, andikeni barua ya adabu na mtie saini wengi. Na madrasa yetu ianze sasa: siku moja ya likizo kwa wavulana na walimu wao, na siku nyingine kwa wasichana na walimu wa kike. Mwili ni amana, na tutaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu atupe nguvu za kumuabudu na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.