Kizibao cha uzito na mbio za jimu: mambo ya kujua kabla hujanunua

Ukifungua simu siku hizi, haipiti muda bila kumwona mwanamke anayetembea kwa kasi akiwa amevaa kizibao kizito, kile chenye mifuko midogo ya mchanga au vipande vya chuma ndani yake. Wauzaji wanakipa sifa nyingi kwa pamoja: kinapunguza mafuta, kinaimarisha mifupa, kinakuandaa kwa mashindano. Wanaolengwa zaidi ni akina mama wa aina mbili. Kuna aliyejifungua karibuni na anataka mwili wake urudi, na kuna aliyekaribia au kupita kukoma hedhi, ambaye ameambiwa mifupa yake inapungua.

Kizibao chenyewe si kibaya. Lakini kwa mama wengi si kitu cha kuanzia, na kwa mashindano yanayozungumzwa zaidi hakihitajiki kabisa.

Mashindano yenyewe yanataka nini?

Yanayojulikana zaidi ni HYROX, yaliyoanzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017. Mshiriki hukimbia kilomita 1 mara 8, na baada ya kila kilomita anafanya zoezi moja: kusukuma na kuvuta mzigo sakafuni, kupiga kasia kwenye mashine, kurusha mpira mzito ukutani na mengine. Mwanamke wa daraja la kawaida hubeba kilo 16 kila mkono kwa mita 200, na anapiga hatua ndefu za kushusha goti kwa mita 100 akiwa na mfuko wa kilo 10 mabegani. Hakuna mahali anapovaa kizibao.

Kizibao kimetoka kwingine. Katika mazoezi ya CrossFit kuna zoezi liitwalo Murph, la kumkumbuka Michael Murphy, mwanajeshi wa Marekani aliyeuawa Afghanistan mwaka 2005. Huko watu hukimbia maili 1, wanajivuta kwenye chuma mara 100, wanapiga pushapu 200, wanachuchumaa na kusimama mara 300, kisha wanakimbia maili nyingine 1. Wanaume huvaa kizibao cha takriban kilo 9, wanawake kilo 6 na kidogo. Ni kazi ya watu waliokwisha kujijenga, na hata wengi wao huifanya bila kizibao.

Kwa hiyo kama lengo lako ni HYROX, madumu mawili ya maji yatakufaa kuliko kizibao. Lita 16 za maji ni kilo 16. Jaza dumu la lita 20 hadi pale, shika moja kila mkono, tembea mgongo ukiwa wima. Ukiona kilo 16 ni nyingi, anza na lita 8.

Na ile habari ya mifupa?

Hapa ndipo matangazo yanapokwenda mbali kuliko ushahidi. Mwaka 2000 watafiti wa Oregon, Marekani, waliripoti kwamba wanawake waliokoma hedhi waliofanya mazoezi ya kuruka wakiwa na vizibao kwa miaka 5 walihifadhi mifupa ya nyonga vizuri kuliko wasiofanya. Utafiti huo ulikuwa na wanawake 18 tu, na waliruka. Hawakuvaa kizibao huku wakipika. Mwaka 2025 ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa wazee 150 wenye unene uliopita kiasi waliokuwa wakipunguza uzito. Waliopewa vizibao walivivaa kwa wastani wa saa 7 hivi kwa siku, mwaka mzima. Mifupa ya nyonga ilipungua sawa na ya wale wasiovaa.

Kinachoonekana kuushtua mfupa ni kishindo na nguvu ya misuli. Kutembeatembea na mzigo nyumbani hakujathibitishwa kufanya kazi hiyo, na mtu asikuuzie kizibao kama dawa ya mifupa.

Kama umejifungua karibuni

Hili ndilo la kuangalia zaidi. Chini ya tumbo kuna misuli inayoshikilia kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mimba huilemea, na kujifungua kwa kawaida huivuta. Kila unapoongeza kilo juu ya mwili, misuli hiyo ndiyo inayopokea msukumo, na ukikimbia inaupokea kwa kila hatua. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza mwaka 2019 unashauri mama asirudi kukimbia kabla ya miezi 3, tena baada ya kupimwa. Hiyo ni mbio bila mzigo. Aliyepasuliwa ana mshono wa kuusubiri pia.

Mkojo ukichuruzika unapokohoa au kuruka, ukihisi uzito au kitu kinashuka ukeni, au tumbo likitokeza katikati kama tuta unapoinuka kitandani, kizibao kisubiri. Wengi huambiwa ni kawaida ya uzazi na wanavaa pedi wakaendelea. Ni jambo la kawaida kutokea, lakini linatibika, na mtaalamu wa tiba ya viungo ndiye wa kumwendea. Anayenyonyesha ajue pia kwamba kinachobana kifua kinaweza kuziba mirija ya maziwa na kuleta uvimbe wenye maumivu.

Halafu tusisahau mbeleko. Mtoto wa miezi 9 ana kilo 8 hivi, na unaye mgongoni kila siku. Vivyo hivyo anayemwinua mgonjwa au mzee kitandani. Mtu kama huyo mazoezi ya kuimarisha mgongo na nyonga yatamfaa kuliko kilo nyingine za kununua.

Ukiamua kununua

Chagua kinachoweza kuongezwa na kupunguzwa uzito. Cha uzito mmoja usiobadilika kitakushinda au utakizoea na kukiweka kabatini. Kivae dukani, ruka kidogo: kisichezecheze, kisikandamize shingo, na uweze kuvuta pumzi hadi mwisho. Anza na uzito usiozidi sehemu 1 ya 20 ya uzito wako. Mwenye kilo 70 aanze na kilo 3 na nusu au chini ya hapo.

Wiki za mwanzo tembea tu, dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa wiki. Mwili ukikubali, ongeza nusu kilo, kisha jaribu ngazi, halafu kuchuchumaa na kusimama. Kukimbia nacho kuje mwisho, na wengi hawana haja ya kufika huko. Goti au kiuno kikiuma hadi kesho yake, rudi kwenye uzito wa nyuma. Mjamzito, mwenye maumivu ya mgongo au aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo amwone daktari kabla ya kukivaa.